Bibi hajafurahi

"Mjomba, bibi hajafurahi."

Tulikuwa barazani, magharibi imeshapita. Mtoto wa dada yangu kaniegemea ubavuni na kitabu kimelala magotini mwetu, ukurasa mmoja gotini kwake, mmoja gotini kwangu. Ana miaka mitano, hajajua kusoma. Nilikuwa nimetoka kumsomea sentensi iliyo chini ya picha: *Bibi alifurahi sana kupata kanga mpya.*

Nikamwambia amefurahi, si imeandikwa hapa. Nikaweka kidole chini ya neno lenyewe.

Hakukitazama kidole. "Mwangalie uso," akasema.

Nikauangalia. Bibi kasimama mlangoni, kanga iko mikononi, nusu imekunjuliwa. Lakini macho yake hayako kwenye kanga. Yako kulia, kule ukurasa unakoishia, na kule, padogo sana, pana mgongo wa basi na vumbi lake. Midomo kaifumba. Baba wa watoto, aliyeleta zawadi kutoka mjini, ameondoka siku ileile aliyofika. Maneno hayakulitaja basi popote.

Tukafunua, tukamaliza hadithi, mtoto akalala.

Mimi nikabaki na yule bibi kwa majuma kadhaa.

## Kosa la mchoraji?

Wazo la kwanza lililonijia ni kwamba mchoraji hakuusoma muswada vizuri. Halikuwa wazo la kijinga. Kwa vitabu nilivyoshuhudia vikitengenezwa, mwandishi na mchoraji hawaonani. Muswada unapita kwa mhariri, unakubaliwa, ndipo mchoraji anatumiwa orodha yenye maelekezo kwenye mabano: mchoro, bibi ameshika kanga, anatabasamu. Analipwa kwa kila picha. Picha ikija bila tabasamu, inarudishwa ikarekebishwe.

Utaratibu huu umetoka darasani, na asili yake ni ya mbali. Mwaka 1658, mjini Nürnberg, mwalimu kutoka Moravia aitwaye Comenius alichapisha kitabu cha picha kwa ajili ya watoto, *Orbis Sensualium Pictus*, kwa Kilatini na Kijerumani. Vitu kwenye picha vilipewa namba, na namba zilezile zikawekwa kwenye maandishi, ili mtoto aone kitu kisha atafute jina lake. Vitabu vyetu vya kuanzia kusoma vinafanya kazi hiyohiyo bila namba: picha ya ndoo, chini yake neno ndoo. Hapo picha haina ruhusa ya kusema jingine. Mtoto anayepambana na herufi anahitaji shahidi asiyebadilika.

Shida inaanza pale kanuni ya ndoo inapovikwa hadithi. Sentensi inasema Juma alilia, picha ni Juma analia. Sentensi inasema mama alimbembeleza, picha ni mama anambembeleza. Kitabu kizima kinasemwa mara mbili. Nimevisoma vingi vya aina hiyo kwa sauti mbele ya watoto, na nimewaona wanavyoacha kutazama picha baada ya kurasa chache. Wameshajua hakuna cha kutafuta mle.

Mpwa wangu hakuacha kutazama.

## Handa hageuki nyuma

Nikamkumbuka Handa. Kitabu chake, *Handa's Surprise*, kiliandikwa na kuchorwa na Mwingereza Eileen Browne na kutoka mwaka 1994. Msichana wa Kijaluo, kusini-magharibi mwa Kenya, anampelekea rafiki yake Akeyo kikapu cha matunda saba. Kikapu kiko kichwani, na ndani ya kichwa mna swali moja: Akeyo atapenda tunda lipi zaidi? Maneno ya kitabu yanafuata hilo swali na kuyasifu matunda. Hakuna sentensi inayomtaja mwizi.

Kwenye picha, tumbili ananyoosha mkono na kuchukua ndizi. Mbuni anaondoka na pera. Tembo anapeleka mkonga kwenye embe. Kila ukifunua, kikapu kinazidi kuwa chepesi, na Handa anaendelea kuwaza. Mwishoni mbuzi anauvamia mchenza, machenza yanaporomokea kikapuni, na Handa anafika kwa Akeyo bila kujua lolote lililompata njiani.

Fikiria anayesikiliza ni nani. Ni mtoto asiyejua kusoma, na ndiye anayejua mengi kuliko wote. Anamzidi Handa. Na kama mtu mzima anayemsomea kang'ang'ania mistari, anamzidi hata huyo. Kelele za watoto kwenye kitabu hiki ni za kumwonya Handa, na kelele hizo zisingekuwepo kama maneno yangesema tu kwamba tumbili aliiba ndizi.

Hata hivyo kitabu hiki kinanisumbua mahali. Twiga, pundamilia, tembo na mbuni wote njia moja, kati ya kijiji na kijiji? Mtoto wa upande ule wa Kenya angeuliza. Namna maneno na picha yanavyogawana kazi humo naipenda kwa moyo wote. Ulimwengu uliochorwa, siuamini sana.

Na hapo ndipo suala langu lilipogeuka. Niliacha kuuliza kama picha inaruhusiwa kusema zaidi ya maneno. Nikaanza kuuliza inakuwaje pale hadithi inapodai kuwa ya maisha ya kweli, mtaa wa kweli, bibi wa kweli.

## Mtoto mwenye vazi jekundu

Mwaka 1962, Ezra Jack Keats, mzaliwa wa Brooklyn na mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland, alitoa *The Snowy Day*. Mtoto Peter anaamka, theluji imefunika mji, anatoka kucheza. Anatia tonge la theluji mfukoni ili alikute kesho. Jioni mfuko ni mtupu. Hadithi nzima ni hiyo. Kitabu kilipata Medali ya Caldecott, tuzo ya Marekani ya uchoraji wa vitabu vya watoto, mwaka 1963, na mwaka 2020 Maktaba ya Umma ya New York ilitangaza kwamba hakuna kitabu kilichoazimwa zaidi katika historia yake.

Peter ni mtoto mweusi. Maandishi hayasemi hivyo popote. Picha peke yake ndiyo inayosema. Chanzo chake kilikuwa picha za mtoto mmoja mweusi ambazo Keats alizikata kwenye gazeti la *Life* mwaka 1940 na kuzitunza kwa zaidi ya miaka 20.

Mwaka 1965 Nancy Larrick, mwalimu Mmarekani, aliandika makala iliyolalamikia jinsi vitabu vya watoto vya Marekani vilivyojaa weupe peke yao. Hata kitabu hiki hakukiacha salama. Alibaini kwamba maneno yananyamaza kuhusu rangi ya Peter, na hakupendezwa na mama yake alivyochorwa, mwili mkubwa ndani ya gauni la manjano la drafti.

Nimelifikiria sana lalamiko hilo. Kuhusu mama, naona alikuwa na hoja: picha inaposema peke yake, hakuna neno la kuiokoa ikikosea, na mchoraji anaweza kuleta mazoea ya jamii yake bila kuhojiwa. Lakini ukimya wa maneno kuhusu rangi ya Peter naukubali. Sentensi ingesema ni mtoto mweusi, theluji ingekuwa kisingizio tu cha kutufikisha kwenye rangi. Kwa kuwa haikusema, Peter anabaki mtoto mwenye theluji, na anayefanana naye anajiona bila kutangaziwa.

## Kiswahili kinavyomwachia mchoraji

Sisi tuna ukimya wetu, na nadhani hatuuangalii vya kutosha.

*Alipanda mwembe mpaka juu, akaona mji wote.* Nani? Maadamu jina halijatajwa, sentensi haijui kama ni mvulana au msichana. Mwandishi anaweza kwenda kurasa tatu bila kulazimika kuchagua. Mchoraji hana nafasi hiyo. Penseli ikigusa karatasi, ameshachagua.

Nimepitia rundo la vitabu vya hapa kwetu na kuona mwelekeo usionifurahisha. Sentensi ikipanda mti, anachorwa mvulana. Ikifagia uwanja, anachorwa msichana. Mwandishi ukimuuliza atasema hakuandika hivyo, na ni kweli hakuandika. Mhariri atasema picha inaendana na maandishi, na ni kweli haipingani nayo. Uamuzi mkubwa kabisa wa kitabu umepita katikati yao bila mtu kuufanya kwa makusudi.

Ndiyo maana siamini tena kwamba picha ni pambo linaloongezwa kazi ikishakwisha. Katika lugha yetu, nusu ya mhusika inazaliwa kwenye meza ya mchoraji.

## Mashahidi wa miaka mitano

Kwenye hadithi ya sungura na fisi mtoto hana pa kukagua. Hajawahi kumwona fisi aliyevaa kanzu. Lakini ukimchorea jiko la mkaa, mtungi wa gesi, foleni ya ndoo bombani, daladala, umeingia kwake. Anajua mlango wa daladala uko kushoto. Anajua chakula kinaliwa kwa mkono gani.

Niliwahi kushika kitabu chenye picha nzuri ya familia kwenye mkeka, imezunguka sinia, na wote wanakula kwa mkono wa kushoto. Baba, mama, watoto, wote. Mchoraji hakuwa amekosea hata chembe. Aliyepanga kurasa aliigeuza picha kwenye kompyuta ili nyuso zielekee upande wa maandishi. Kwa macho yake ukurasa ulitulia. Kwa macho ya mtoto aliyekanywa jana kuhusu mkono wa kushoto, familia nzima haina adabu.

Upande una maana nyingine pia. Kwa kuwa tunasoma kutoka kushoto kwenda kulia, kinachoelekea kulia kinaelekea mbele, kwenye ukurasa ambao bado hatujaufunua. Basi la kwenye kitabu chetu linatokomea ukingo wa kulia. Geuza picha ile, na basi litaelekea kurasa tulizokwisha kusoma. Baba ataonekana kama anarudi. Hadithi itabadilika bila herufi moja kuguswa.

Lakini kuliko mikono na milango, watoto wanajua nyuso.

Maisha yote ya mtoto wa miaka mitano yanategemea kusoma nyuso za wakubwa. Mama kasema "sijachoka", je, nimuombe anibebe? Baba kasema "tutaona", je, tutaona kweli? Anaishi mahali ambapo maneno na uso havikubaliani kila siku, na amejifunza kuuamini uso. Kitabu kinachodai kuonyesha maisha halisi na kuweka tabasamu juu ya kila "alifurahi" kinamwonyesha nyumba ambayo hajawahi kuishi.

## Jina la kanga

Siku moja niliomba kitabu tena, mchana, nikakipeleka dirishani. Safari hii sikumtazama bibi. Niliitazama kanga.

Wachoraji wengi wakifika kwenye jina la kanga wanapitisha mistari ya mawimbi tu, ionekane kuna maandishi. Huyu aliandika. Pindo lipo, mji wa katikati upo, na pale kanga inapokunjika mkononi mwa bibi herufi zinasomeka wazi: MGENI NJOO. Nusu ya pili imemezwa na mkunjo.

Niliketi chini.

Huwezi kuandika herufi tisa kwa bahati mbaya. Mtu alikaa akafikiria: mwana anakuja kama mgeni, anaondoka kama mgeni, mama kabaki na nusu ya methali mkononi. Mtu huyo hakupewa sentensi ya kuyasema hayo, akatafuta mahali pa kuyasema ndani ya kitambaa. Wapo wasomaji wa nchi nyingine ambao kurasa zao hazina nguo inayosema. Sisi tunayo, kila nyumba, na kwenye vitabu vya watoto tunaichora kama zulia.

Nikarudi kwenye sentensi. Bibi alifurahi sana kupata kanga mpya. Kwanza nilidhani sasa sentensi ndiyo inayodanganya, kwa kuwa picha imeshinda. Sidhani hivyo tena. Anayesimulia ni mjukuu, na bibi pengine alimwambia hivyohivyo: nimefurahi, mwanangu. Na alifurahi kweli, kanga ni nzuri. Maneno yamechukua aliyoyasema, picha imechukua asiyoyasema, na msomaji amebeba vyote viwili. Ukitoa sentensi ukabaki na picha, una mama mwenye huzuni tu. Ukitoa picha ukabaki na sentensi, una zawadi tu. Bibi mwenyewe hapatikani mpaka viwili hivyo vikae pamoja.

## Picha zilizotangulia hadithi

Kuna jambo bado linanivuta huku na huku. Mradi wa African Storybook, wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, ulifungua tovuti yake mwaka 2014. Hadithi ni za bure, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na kuna hazina ya michoro ambayo mwalimu yeyote anaweza kuitumia kuandika hadithi mpya. Mchoro uleule wa msichana mwenye ndoo unaweza kukaa kwenye hadithi kadhaa zisizojuana.

Kwa darasa lenye watoto wengi na kabati tupu, hilo ni jambo kubwa, na sitaki kulisema vibaya. Lakini mchoro uliochorwa kabla ya hadithi hauwezi kutazama basi. Haujui kama basi lipo. Umechorwa uweze kukaa popote, na uso unaoweza kukaa popote ni uso wa kutabasamu.

Nilibaki hapo muda mrefu, mpaka mwalimu mmoja rafiki yangu aliponionyesha namna anavyofanya. Haandiki hadithi kwanza. Anachagua mchoro, anawauliza watoto wanaona nini, kisha anaandika kile ambacho mchoro hauonyeshi. Msichana mwenye ndoo yupo. Hakuna haja ya kuandika kwamba amebeba ndoo. Akaandika: *Leo hataki kupita njia ya kwa babu.* Watoto wakaanza kumtafuta babu kwenye mchoro, nyuma ya mti, mlangoni. Hayumo. Wakaanza kutazama miguu ya msichana, imeelekea wapi.

## Kukata

Yote haya yamenifikia wakati nina muswada wangu mwenyewe mezani, wa mtoto anayekwenda na mama yake soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri. Safari hii nilikataa kutuma orodha ya maelekezo. Nilimwomba mchoraji tukae pamoja kabla ya maneno kukauka.

Alikuja na karatasi moja aliyoikunja ikawa kijitabu, kwa sababu kurasa huenda kwa nne-nne na alitaka tuone kila kitu kinaangukia wapi. Kurasa 24. Akapita na penseli akizungushia sentensi. *Kulikuwa bado na giza.* Hiyo nitachora, akasema. *Soko lilikuwa na watu wengi.* Hiyo pia. Maneno yangu yakaanza kupungua, na kwa mshangao wangu mama wa kwenye hadithi akaanza kusikika, kwa kuwa yaliyobaki mengi yalikuwa yale anayoyasema yeye.

Tuligombana kwenye moja. *Siku hiyo Mama hakuwa na hela ya kutosha.*

"Kaka, hiyo ikate," alisema. "Nitamchora anafungua fundo la kanga mara mbili. Mara ya kwanza mbele ya muuzaji. Ya pili pembeni, kageuka, anahesabu upya. Mtoto anamwangalia vidole."

Nikamwambia watoto wa siku hizi wanaona hela ikitoka kwenye simu. Fundo la kanga wengine hawalijui. Akakubali kwamba ni kweli. Akafikiri kidogo, akasema wasipolijua fundo wataujua mgongo wa mama aliyegeuka ili mwanawe asione.

Sentensi nikaikata.

Ipo nyingine, ya ukurasa wa mwisho: *Mama alicheka.* Yeye anataka ibaki, na anataka kuichora bila kicheko. Mimi naogopa mtoto atadhani tumemdanganya. Jumamosi tunakaa tena, na nimemwomba aje na rasimu mbili za uso ule, ili tuzisome na watoto wa jirani kabla sijaamua.